Gia za Kubebea Vifaranga

Ukitaka kumjua dereva, usikae naye mbele. Mbele kuna redio, kuna upepo wa dirishani, kuna hadithi zake, na utashuka ukisema safari ilikuwa nzuri. Kaa nyuma, sakafuni, maboksi ya vifaranga wa siku moja yakiwa yamekuzunguka. Huko ndiko nilikokaa mimi, na huko ndiko nilikomjua shemeji yangu.

Dada yangu anatotolesha vifaranga. Chumba ambacho zamani kilikuwa sebule sasa kina mashine za kutotolea, zimepangwa ukutani zikinguruma taratibu, na wageni tunawakaribisha jikoni. Siku ya kutotoa nyumba nzima inaamka ikilia kwii kwii. Kazi yangu ni kuwatoa vifaranga kwenye trei wakishakauka, kumwangalia kila mmoja miguu na kitovu, kuwapanga kwenye maboksi yenye matundu na maranda chini, halafu kusafiri nao nyuma ya gari mpaka kwa mteja. Dada anasema alinichagua kwa sababu sina haraka.

"Wewe unaweza kukaa ukaangalia maji yanachemka na ukafurahi," huniambia.

"Angalau chai yangu haimwagiki," humjibu.

Dereva ni mumewe. Shemeji aliendesha lori la kokoto tangu ujana wake, na mpaka leo mtaani wanamwita Kokoto. Machimbo yalipofungwa, akakaa nyumbani. Mtu mzima, mabega kama kabati, asubuhi unamkuta anapanga vikombe kwa kufuata rangi. Anafungua jokofu, anachungulia, anafunga, kama mtu aliyetumwa kitu akasahau. Kicheko chake, ambacho majirani walikuwa wakikisikia kupitia kuta mbili, kikatoweka. Dada aliponunua kigari cha mizigo, kile kifupi chenye mlango wa kuburuza ubavuni, na kumkabidhi ufunguo, kicheko kikarudi siku hiyohiyo. Shemeji alikiosha kigari, akakifuta mpaka ndani ya vikombe vya taa, akakipigia honi kikiwa kimesimama uani bila mtu mbele yake.

Basi mbele ya gari kukawa na raha. Shida ilikuwa nyuma.

Mteja wetu mkubwa ni mama mmoja mwenye mabanda ya kuku yasiyo na mwisho. Tunamwita Mama Mabanda, na jina lenyewe analipenda. Ni mtu wa kucheka, lakini si kwenye kuku. Safari moja alifunua boksi akakuta baadhi ya vifaranga wamelaliwa na wenzao, wamekuwa bapa kama soksi. Akanyamaza. Safari iliyofuata, yaleyale. Mara hii hakunyamaza. Alimpigia dada simu, na simu ya dada ina sauti ya kusikika mpaka uani.

"Mwanangu, vifaranga wako ni wazuri sana, lakini mimi nanunua wanaopumua. Oda ijayo ikija na maiti, nitanunua kwingine, na sisi tutabaki kusalimiana tu."

Dada aliweka simu mezani, akamgeukia mumewe. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mume wangu, sitafuti wa kumlaumu. Lakini wakifa tena, gari naliuza. Nitakodi watu wa usafirishaji."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika."

Pumzika! Nilimwona shemeji macho yakimwenda kwenye kabati la vikombe.

Wiki hiyo kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Dada alisema ni joto, akatoboa maboksi matundu mengine mpaka yakawa kama vichujio. Shemeji alisema ni mashimo barabarani. Akaanza kuendesha kwa mwendo wa bibi harusi, baiskeli zinatupita, waenda kwa miguu wanatuonea huruma. Tulipeleka vifaranga wachache kwa mteja mwingine na bado nikakuta wawili chini ya rundo, hoi, nikawapuliza na kuwasugua mpaka wakasimama.

Mimi sikuwa na haja ya kukisia, maana nilikuwa palepale. Kabla ya kufika kwa Mama Mabanda kuna kipande cha njia ya vumbi, kina mabonde hayo, mpaka meno yanagongana mdomoni. Hapo vifaranga walikuwa wanalala. Naapa. Wanatikisika pamoja na boksi kama mtoto mgongoni mwa mama yake, macho wamefumba. Lakini mjini, kwenye lami nyororo kama meza, kwenye taa na mizunguko, huko ndiko walikopiga mayowe na kurundikana. Nikajiuliza, inakuwaje mashimo yawabembeleze na lami iwaue? Nikatega sikio. Kwenye vumbi shemeji huingia na gia moja na kutoka na hiyohiyo. Mjini anapanga na kupangua. Na kila akibadili, injini inapiga ukelele, gari linasita kidogo, halafu, ngu! linaruka kama lililochomwa sindano. Vifaranga wote wanaserereka hadi ukuta wa nyuma wa boksi, wa juu wanawafunika wa chini. Kabla sijamaliza kuwatenganisha, ngu! anashusha gia, sasa wote ukuta wa mbele.

Kwa hiyo nilijua. Lakini utamwambiaje mume wa dada yako, dereva wa maisha yake yote, kwamba hajui kubadili gia? Nilijaribu mara moja kwa mzaha, kupitia kile kidirisha cha kioo kilicho kati ya mbele na nyuma.

"Shemeji, leo gia zako zimenirusha kama mpira."

"Abiria wa nyuma haruhusiwi kuzungumza na dereva. Soma kibao."

"Kibao kiko wapi?"

"Nitakiandika kesho." Akakifunga kidirisha, akaongeza redio.

Nikaona niingilie upande mwingine. Siku ya mapumziko, dada yuko kwenye mashine zake anamulika mayai, nikamfuata shemeji alipokuwa anafuta vioo.

"Shemeji, nifundishe kuendesha."

Ungemwona uso! Kitambaa kilimdondoka. "Nilijua tu. Siku zote nilisema, huyu msichana ana macho ya dereva. Panda!"

Tukaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, ambapo huwezi kugonga kitu labda ukusudie. Akanikalisha kwenye usukani, yeye akakaa pembeni amekunja mikono kama mkaguzi. Na nikwambie kweli, sijawahi kuona mwalimu mzuri kama yule. Hakupiga kelele hata nilipolizima gari mara chungu nzima.

"Klachi," alisema, "unaikanyaga yote, mpaka mguu uguse sakafu. Usiikanyage nusunusu kama unayepima maji ya kuoga. Halafu kuiachia, taratibu. Umewahi kumwachia mkono mtoto anayeanza kutembea? Hivyo. Ukisikia gari limeshika, ndipo unaachia kabisa."

Nikafanya. Likaenda.

"Haya, sikiliza injini. Usiangalie chini kwenye gia, gia haiendi popote. Sikia. Ikianza kulia juu, inaomba namba mbili. Ikikoroma na kutetemeka, umeipa namba kubwa mno, irudishe. Na ukishusha gia, iongezee mafuta kidogo kabla hujaachia klachi, ili injini na magurudumu yakutane yakiwa na mwendo mmoja. La sivyo yatagombana."

"Na nikitaka kusimama? Nishushe gia mpaka moja?"

"Ya nini? Breki umewekewa pambo? Kanyaga breki."

Nikabadili namba mbili. Mkono wangu ukabaki juu ya gia, nikisubiri namba tatu.

"Eh eh eh! Toa mkono. Gia si fimbo ya kutembelea. Ukimaliza, mkono urudi kwenye usukani. Ndani mle kuna kijiuma kinachosukuma meno ya gia. Ukiegemea juu, huko chini kinasagika kidogokidogo. Na mguu wa kushoto nao, kazi yake ikiisha utoke kwenye klachi, uuweke kando. Ukiuacha pale, hata kwa uzito wa kiatu tu, unaila klachi bila kujua."

Nikayashika yote. Tulipochoka tukabadilishana viti ili aturudishe nyumbani. Nikakaa kiti cha abiria, nimeweka mikono mapajani, sasa naangalia.

Akakanyaga klachi nusu, akaichomeka gia, akaachia. Ngu! Akapiga namba mbili. Ngu! Mkono wake wa gia ukatulia palepale juu, umejilaza kama paka.

"Shemeji," nikasema polepole, "huo mkono unafanya nini hapo?"

Akauangalia mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Huu? Huu... unapumzika."

"Umechoka nini?"

Akauondoa. Tulipofika kona ya maghala ulikuwa umesharudi. Nikaukoholea. Akauondoa tena, akaanza kucheka mwenyewe.

"Lile lori," alisema, "namba tatu ilikuwa inachomoka yenyewe. Usipoishikilia inakukimbia katikati ya mlima. Na klachi yake ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, ukiikanyaga yote mchana kutwa jioni huwezi kupanda ngazi. Kwa hiyo unaichezea nusu, unaipiga gia kwa nguvu, inaingia. Tatizo lilikuwa wapi? Kokoto hazilalamiki."

Akaishia hapo. Nikamwona midomo inacheza kama mtu anayerudia hesabu. Sikumsukuma. Nyumbani tulikuwa na boksi la vifaranga waliobaki, wale tunaowafuga wenyewe. Nikaliingiza kwenye gari.

"Turudi uwanjani kidogo, shemeji. Mimi naendesha. Safari hii wewe kaa nyuma, unishikie hawa."

"Mimi? Nyuma?"

"Kibao kinasema mwalimu akae nyuma."

Alijikunja akaingia, magoti yanamgusa masikio, boksi limemkaa mapajani. Nikaendesha kwa mtindo wa kwanza: klachi nusu, gia kwa kishindo, mguu natoa ghafla. Ngu! Mayowe yakapanda huko nyuma, ya vifaranga na ya mtu.

"Wewe! Polepole! Wameangukiana hawa! Subiri niwatoe, subiri, kuna mmoja kichwa kimebanwa..."

Ngu!

"Unaua huku! Simamisha!"

Sikusimamisha. Nikaingia mtindo wa pili, yale yote aliyonifundisha: klachi mpaka chini, gia taratibu, mguu ukipanda pole, mkono ukirudi kwenye usukani. Namba moja, mbili, tatu, kisha kushuka. Mayowe yakawa minong'ono. Minong'ono ikawa kimya. Nilipozima injini nilimkuta shemeji amekaa vilevile, hataki hata kupumua kwa nguvu, kifaranga mmoja amelala kwenye kiganja chake.

"Ule mtindo wa kwanza," aliniuliza bila kuinua macho, "umeutoa wapi?"

"Kuna mtu nilimwona."

"Dereva mbaya?"

"Dereva mzuri. Ila alizoea mzigo mwingine."

Akamrudisha yule kifaranga kwenye boksi kwa vidole viwili. Halafu kikapasuka kile kicheko chake, boksi lote likaamka kwa mshtuko, akaanza kuwaomba msamaha mmojammoja.

Kuanzia hapo tukawa tunatoroka kila tulipopata nafasi. Dada akidhani bado nafundishwa mimi, kumbe mwanafunzi alishabadilika. Shemeji anaendesha, mimi nyuma napiga kelele, "Mkono!" Anajibu, "Nimeutoa!" "Mguu!" "Nimeuweka kando!" Kichwa chake kilikuwa kimeelewa zamani. Mkono na mguu ndivyo vilivyokuwa vikaidi.

Siku ya oda ya Mama Mabanda ikafika. Tulijaza maboksi mpaka juu, nikabaki na pa kukalia tu. Nilipokuwa nayafunga kamba, dada akatoka ndani amevaa viatu vya safari.

"Nami nakwenda," alisema. "Leo nataka kuona kwa macho yangu." Akapanda mbele.

Mwanamume akikaa na mkewe pembeni anayemkagua, mwili wake wote unakumbuka ujana. Tulitoka getini, shemeji amenyoosha kifua, na namba mbili ikaingia kama zamani. Ngu! Vifaranga wakapiga ukelele, nikanyoosha mikono kushoto na kulia kuwatawanya. Namba tatu, ngu! Kupitia kioo niliuona mkono umelala juu ya gia.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Mkono! Lakini ningelitamkaje mbele ya dada? Ningemvua nguo mtu mzima mchana kweupe, siku ambayo usukani wenyewe ndio unaopimwa. Nikaling'ata. Nikaendelea kutenganisha vifaranga, jasho linanitiririka, najiambia basi, kwisha habari.

Ndipo redio ikazimwa. Kidirisha kikaburuzwa, kikafunguka chote.

"Mbona unafungua?" dada aliuliza. "Kelele zote hizo."

"Nataka kuwasikia," shemeji alisema.

Niliona mkono unaondoka kwenye gia, polepole, unakwenda kushika usukani na mwenzake. Kichwa akakiinamisha upande wa kidirisha. Taa zilipowaka nyekundu alitumia breki tu, akaitoa gia akaiweka frii, akatoa mguu kwenye klachi. Zilipobadilika, akaikanyaga klachi yote, akaachia kwa ule mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea, na gari likaondoka bila hata kifaranga kuyumba. Namba mbili sikuisikia ikiingia. Namba tatu niliijua tu kwa sababu injini ilishusha sauti.

Kwenye kilima kimoja cha mjini magari yalikuwa yamesongamana. Madereva wengine walikuwa wanayashikilia magari yao kwa klachi, yanapanda na kurudi, yanapanda na kurudi, harufu ya kuungua imejaa hewani. Shemeji akavuta breki ya mkono, akatulia. Mbele pakafunguka nafasi. Nyuma yetu wakaanza honi.

"Nenda, wanapiga honi," dada alisema.

"Nimewasikia."

"Sasa?"

"Waache wapige. Hawajabeba nilichobeba mimi." Akaingiza namba moja, akaisikiliza klachi ishike kwanza, ndipo akashusha breki ya mkono. Tukapanda kama tunavutwa kwa uzi. Dada alimgeukia akamwangalia muda mrefu, kama mtu aliyekutana na ndugu wa mumewe asiyemjua.

Nyuma kukawa kimya. Kimya mpaka nikafunua boksi moja kuhakikisha.

Tulipofika, shemeji alisimama kabisa, gari likatulia tuli, ndipo akaingiza rivasi na kurudi mpaka mlangoni mwa banda. Mama Mabanda alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni. Hakusalimia. Alikamata boksi la juu, akang'oa kifuniko, akachungulia, akashika kichwa.

"Uwiii! Wote! Safari hii mmeniletea wote!"

Dada aliruka kutoka kwenye gari. Nilichungulia na mimi. Vifaranga wamelala kifudifudi, shingo zimenyooka, mabawa yametandazwa kwenye maranda, hakuna anayetikisika. Usiyewajua ungewaombea dua. Shemeji alikuja akiwa amepauka uso mzima. Alinitazama mimi tu.

"Mama," nikasema, "gonga boksi."

"Nigonge nini, mwanangu, nigonge kaburi?"

"Gonga tu."

Akagonga kwa ukucha, kwa hasira. Kichwa kimoja kikainuka, kikapepesa macho. Kisha cha pili. Kisha boksi zima likasimama likalalamika kwa sauti moja, kwii kwii kwii, kama darasa lililoamshwa na kengele. Mama Mabanda aliruka nyuma. Akagonga la pili, la tatu, yakaitikia. Akayagonga yote, akiwa sasa anacheka mwenyewe, na hakukuwa na hata mmoja bapa.

"Tangu nianze kufuga," alisema akijifuta macho kwa ncha ya kanga, "sijaletewa vifaranga waliosinzia. Huyu dereva mmemtoa wapi? Na yule wa zamani mlimpeleka wapi?"

Dada akafungua mdomo, lakini shemeji alimwahi.

"Yule tulimshusha njiani, mama."

"Mlifanya vizuri. Alikuwa muuaji. Huyu msimwachie."

"Hatumwachii," dada alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, anahesabu maboksi, hajamtazama mtu. "Gari ni lake huyu."

Shemeji alizunguka gari, akalipiga teke tairi ambalo halikuwa na kosa lolote, akainama kulichunguza, akaenda la pili nalo akalichunguza. Alikaa upande ule wa pili muda mrefu kuliko tairi linavyohitaji. Nikamwacha. Nikabeba boksi la kwanza, nikaliingiza bandani, na kabla sijalitua nikasikia kicheko chake kikipiga bati la banda, na kuku wakubwa wote wakaanza kumjibu.